Kofia ya Meya

Bellevue, Johannesburg
16 Aprili 2025

Mdogo wangu Fahad,

Assalaam aleikum. Huku wazima, tunakula, tunalala, ila maji yametukimbia tangu wiki ya Idi. Lori la manispaa likisimama, foleni ya ndoo inafika mpaka kwenye robot ya kona, taa inawaka kijani na magari hayapiti kwa sababu yetu. Epiphanie, yule Mrundi wa chumba cha mbele anayesuka nywele, anasema bora angebaki kwao ziwani. Mjomba Mwadini wa Tanga alipona goti, akaenda msikitini kushukuru, akateleza penye udhu, sasa ni goti la pili. Usicheke. Mimi nilicheka kwanza, nikaomba toba baadaye.

Naandika kwa karatasi kama ulivyotaka. Uliniambia simu ya meya ni mali ya watu, gazeti lolote laweza kuomba lisomewe, basi kwenye simu tutaacha salamu na picha za Sumaiya, na mambo ya maana yatapita huku, hata yakichelewa.

La maana ni hili. Bi Tabia unamjua kwa jina, yule Mpemba wa chumba cha pembeni, tunashirikiana jiko mwaka wa nane sasa. Mwanawe Pandu kashinda ile bahati nasibu ya viza, anaondoka mwisho wa mwezi. Amerika nzima hana mtu. Mama yake akaniuliza aende mji gani, nami sikufikiri mara mbili, nikamwambia aende Dunmore Falls, ndugu yangu ndiye meya. Basi nakukabidhi mtoto wa watu. Ni mwanaume mzima, anachoma mishkaki mtaa wa Rockey na foleni yake ndefu kuliko ya maji, lakini kwa mama yake ni mtoto. Mpokee, mwonyeshe njia.

Anakuletea kofia. Ule uzi uliopimia kichwa nimeupata ndani ya barua yako ya Januari. Kimeongezeka, sijui ni umri au ni umeya. Nimeishona kwa mkono, vishimo vya nyota kama alivyokuwa akishona mama, na hakuna mwingine Joburg anayevitoboa vile. Nimemwambia Pandu asikuletee nyumbani kwa mlango wa nyuma kama mtu anayeficha kitu. Aipeleke ofisini kwako, mchana, mbele ya watu, na aseme imetoka kwa nani. Amana hukabidhiwa mbele ya mashahidi, ndivyo tulivyolelewa. Na nataka hao Wamarekani wako waone kwamba una kwenu.

Msalimie wifi Kelly, mbusu mwanenu Sumaiya.

Dada yako,
Mwanaharusi


Dunmore Falls
2 Juni 2025

Dada Mwanaharusi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya unyevu, nadhani ililala mahali. Sisi wazima. Sumaiya ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi bila kukusudia. Kelly amemaliza kufundisha mpaka Septemba, kwa hiyo nyumba imejaa miche ya nyanya. Pole kwa maji, na pole kwa goti la Mjomba Mwadini. Nilicheka, sikuomba toba.

Theluji imeondoka na kutuachia mashimo barabarani. Watu hudhani meya anakaa kwenye kiti kikubwa. Mimi kutwa napigiwa simu kuhusu mashimo. Asubuhi ni wakili, nawatetea wapangaji na wafanyakazi wa kiwanda cha kuku, wale wale nilioanza nao nilipofika hapa na suti moja. Jioni ni meya. Mwezi uliopita tulibadilisha bomba kuu la maji la mtaa wa chini, lililozikwa kabla babu yetu hajazaliwa. Nilisimama pale na buti za mpira kama fundi, nikakukumbuka na ndoo zako.

Uchaguzi ni tarehe 4 Novemba. Safari hii nina mpinzani wa kweli, diwani Haskell, mama mmoja makini sana asiyepoteza karatasi. Mara ya kwanza nilishinda kwa kura chache, unakumbuka ulivyokesha na simu. Safari hii zitakuwa chache zaidi, kwa upande wowote.

Nakuomba jambo moja. Mtu yeyote akikupigia kutoka huku, akisema ni wa gazeti, au ni mwanasheria, mwambie huna la kusema. Usimweleze sababu. Kata simu.

Nawaombea mvua, ingawa najua si msimu wake huko.

Mdogo wako,
Fahad


Bellevue
29 Juni 2025

Fahad,

Aleikum salaam kwa niaba yako, maana hukuitoa. Tumezima heater leo kwa sababu umeme umekuwa wa kubembeleza, naandika nimejifunika blanketi. Idi ya kuchinja ilipita vizuri, nyama tulipata kwa jamaa wa Fordsburg. Epiphanie hasherehekei Idi lakini kula alikula.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikafurahi. Mara ya pili nikatafuta jina. Bomba limo, nyanya zimo, meno ya Sumaiya yamo. Pandu hayumo. Kofia haimo. Nikasema labda ukurasa umeanguka njiani, eish, nikaitikisa bahasha.

Kisha Bi Tabia akaja jikoni, akazima jiko langu chungu kikiwa juu, akaniambia alivyosimuliwa na mwanawe kwa simu. Nakuandikia kama nilivyosikia, uniambie palipokosewa.

Pandu alifika Mei. Akapanga chumba, akanunua kigari cha kuchomea mishkaki, akaambiwa kigari hakitembei bila leseni, akaomba leseni. Siku ya Jumatatu akavaa lile shati lake jeupe, akaja ofisini kwako na kofia ndani ya kanga yangu, akamwambia binti wa mapokezi: hii ni amana ya meya, imetoka kwa dada yake Johannesburg. Binti akamuuliza jina. Akaangalia kwenye kompyuta, akaona mtu huyu huyu ana ombi la leseni, na leseni zote husainiwa na meya. Akaita mtu. Mtu akaita mtu. Wakamwambia Pandu arudi jioni kwenye kikao cha baraza la mji.

Unajua alirudi kwa nini? Alidhani anaitwa kushukuriwa. Alikaa kiti cha nyuma na shati lake, anangoja jina lake litajwe. Huyo diwani wako akasimama, akainua kofia yangu kwenye mfuko wa plastiki kama samaki aliyeoza, akakuuliza maswali mbele ya watu.

Ulijibu nini? Pandu kamwambia mama yake, mama yake kaniambia mimi, lakini mimi siandiki. Nataka uandike wewe, kwa mkono wako, niuone mwandiko.

Na sasa nasikia kijana ameshtakiwa kwa kutoa hongo. Kofia, Fahad. Hongo.

Wa gazeti hajanipigia. Wewe ndiye ninayekungoja.

Mwanaharusi


Dunmore Falls
30 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na si posta ya kulaumiwa. Nilianza barua hii mara kadhaa. Kelly anasalimu. Joto ni kali, bwawa la watoto limefunguliwa, nilikata utepe.

Naomba unisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikirudi shuleni na jeraha, kabla hujauliza nani kaanza.

Hapa mtu mwenye ombi mbele ya meya haruhusiwi kumpa meya kitu. Hata chungwa. Haiulizwi alikuwa na nia gani. Angeniletea nyumbani kabla hajaomba leseni, ingekuwa zawadi. Angeileta baada ya mwaka, ingekuwa zawadi. Ameileta ofisini, leseni ikiwa juu ya meza yangu, mbele ya watu, akitaja jina langu. Kila kilichokuwa heshima kwetu kimegeuka ushahidi huku. Sikulaumu. Hukujua, naye hakujua.

Mimi siku hiyo nilikuwa mahakamani mchana kutwa. Sikujua kitu mpaka Haskell alipoinua mfuko. Kamera ya mji inarekodi kila kikao. Aliniuliza, unamjua mtu huyu? Nikasema simjui. Ni kweli, nilikuwa sijamwona kwa macho. Barua yako ilikuwa bado njiani. Aliniuliza kama nilimwahidi leseni. Nikasema hapana. Ni kweli pia. Nilidhani itaishia hapo, kofia irudishwe, yeye aombe tena leseni. Siku ya pili mwendesha mashtaka akaichukua, kwa kuwa mgeni asiyejulikana aliyemletea meya zawadi ni kesi nyepesi, na huu ni mwaka wa uchaguzi kwake pia.

Nitalirekebisha. Baada ya tarehe 4 Novemba nitakuwa na nafasi ya kuzungumza. Kabla ya hapo, kila neno litatumiwa. Nakuomba ukae kimya mpaka siku hiyo, wewe na Bi Tabia.

Kuna jambo nilitaka liwe la kukushtukiza, lakini nakuambia sasa. Maombi ya kukuleta huku nimeyaanza. Yatachukua muda mrefu, ila yameanza. Ungekaa na Sumaiya, ungemfundisha kusema Kiswahili. Jina langu likichafuka, sijui yatafika wapi.

Mdogo wako anayekupenda,
Fahad


Bellevue
24 Agosti 2025

Fahad,

Salaam. Wote wazima isipokuwa Bi Tabia, nitakueleza.

Kwanza hesabu zako hazijakamilika, wakili. Maswali yalikuwa matatu, umeniandikia mawili. Diwani alikuuliza: anasema ametumwa na dada yako wa Johannesburg, ni kweli? Na barua yangu ndiyo ilikuwa njiani, lakini uzi uliutuma wewe, mwezi wa Januari, ukauzungushia na karatasi kabisa usikatike. Ulikuwa unajua kofia inakuja. Ulikuwa unajua ni nani anayetoboa vishimo vile. Uliionea mbali, ndani ya plastiki, ukaitambua. Nakujua, uliitambua.

Ukasema huna habari na mtu yeyote wa Johannesburg anayekuletea kofia.

Nimeiandika mimi, kwa kuwa wewe hukuweza.

Sikiliza sasa ya huku. Bi Tabia ana presha, na kesi ya mwanawe imeipandisha. Wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki, nami nikachukue dawa zangu. Getini wamesimama wale watu wa siku hizi, wanauliza kitambulisho, mgeni hapiti. Mimi Kizulu changu cha miaka yote hii kikanipitisha, hawakuniuliza hata karatasi. Nimeshaingia, nasikia nyuma yangu wanamuuliza Bi Tabia, naye Kizulu hana. Mwanamke mmoja akanigeukia akaniuliza, huyu mnajuana?

Ningesema hapana, Fahad, ningepata kadi yangu na dawa zangu. Kibali changu mwenyewe kiko Pretoria kinangoja kuongezwa, ninachotembea nacho ni risiti. Nilisema, huyu ni dada yangu, akibaki nje nami nabaki nje. Wakatutoa wote wawili. Tulirudi kwa miguu bila dawa. Epiphanie ndiye aliyezipata kesho yake kwenye duka la dawa. Sikuandikii haya unisifu. Niliogopa sana. Naandika ujue kwamba swali uliloulizwa wewe nami niliulizwa.

Tangu hapo Bi Tabia anapika kabla sijaamka, tusikutane jikoni. Ananiamkia, hana ugomvi, na hilo ndilo linaloniumiza. Mimi ndiye niliyemwambia ampeleke mwanawe kwako. Mimi ndiye niliyemwambia Pandu mchana, mbele ya watu. Angefuata akili yake mwenyewe angekuwa anachoma mishkaki sasa hivi.

Hukuniambia kwamba kesi inasikilizwa tarehe 14 Oktoba. Nimeambiwa na Bi Tabia. Uchaguzi ni tarehe 4 Novemba. Hata mimi niliyeishia darasa la saba naona ipi inatangulia. Akipatikana na hatia, karatasi zake zinafutwa na anarudishwa, na wewe ndipo utakuwa na nafasi ya kuzungumza. Utazungumza na nani?

Na hilo la maombi yangu ya kuja huko. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta kama umelikusudia vizuri. Kofia yangu haikuwa hongo, mdogo wangu. Hii ndiyo hongo. Ichukue, sijaigusa.

Mwanaharusi


Dunmore Falls
18 Septemba 2025

Dada Mwanaharusi,

Barua yako nimeipata. Tunaendelea vizuri.

Nakuandikia kwa ufupi. Nilichosema mbele ya baraza kimerekodiwa. Nikisema leo kwamba haikuwa hivyo, sipotezi uchaguzi peke yake. Wakili aliyesema uongo kwenye kikao rasmi anaitwa na chama cha mawakili, na leseni yake inaweza kuondoka. Wapangaji wangu wana kesi Oktoba hii hii. Kuna familia ambayo mimi ndiye pekee ninayeizuia isitolewe nje kabla ya baridi. Kelly na mtoto wanakaa kwenye nyumba inayolipwa na kazi hii.

Ulishona kofia mpaka macho yakakuuma ili mimi nikae darasani Yeoville badala ya kuuza nawe Newtown. Ulinichukua Tanga nikiwa na miaka tisa, mama hajatimiza arobaini kaburini. Kila nilicho nacho ni chako. Ndicho unachotaka nikivunje?

Pandu amepewa wakili na mahakama, mwanamke kijana, namfahamu, ni hodari. Mwache afanye kazi yake.

Nakushauri usiandike kitu chochote kwa mtu mwingine, na usiape mahali popote.

Fahad


Bellevue
3 Oktoba 2025

Fahad,

Hujaniamkia. Tangu uanze kuandika hujawahi kuniandikia bila shikamoo, na nimeikosa kuliko nilivyodhani. Sisi wazima. Mijakaranda imeanza kuchanua, uani kote zambarau, Epiphanie analalamika maua yanaingia kwenye nywele za wateja. Mjomba Mwadini anatembea kwa fimbo.

Barua hii naituma kwa kampuni ya vifurushi, ikufikie kabla ya kesi, maana sifanyi kitu nyuma yako. Juzi nimekwenda kituo cha polisi kula kiapo.

Huku kiapo huapiwa polisi, wao ndio wenye muhuri. Nimepita mbele ya kituo kile miaka yote nikivuka upande wa pili wa barabara. Nilivaa baibui jipya, nikabeba risiti yangu ya Pretoria kwenye kifua. Epiphanie akanisindikiza mpaka mlangoni, akasema ataniombea kwa Kirundi, nikamwambia aombe kwa lugha yoyote. Ndani kulikuwa na askari wa kike, mnene, anakunywa chai. Akaitazama risiti, ikakaa mkononi mwake muda ambao sitausahau. Akaniuliza kwa nini haijaongezwa. Nikamwambia aulize Pretoria. Akacheka kidogo, akachukua karatasi niliyoandikiwa Kiingereza na Falonne, binti wa Kikongo wa ghorofa ya juu anayesoma chuo. Akasoma yote, akaniuliza, huyu kaka yako ni meya kweli? Nikasema kweli. Akaniuliza, sasa yeye mwenyewe haongei? Nikamwambia yuko na kazi nyingi. Akagonga muhuri, akasema sharp, mama, sawa, nenda nyumbani.

Nimeapa hivi: kofia ile nimeshona mimi kwa mikono yangu, kwa kipimo cha kichwa cha mdogo wangu Fahad, nami ndiye niliyempa Pandu na kumwambia aipeleke wapi na lini. Pandu hakuwa na lake. Nimeufunga na uzi wako humo, kipande nilichobakiza. Vyote vimeshatumwa kwa huyo wakili kijana.

Sikuapa kwamba ulidanganya. Falonne aliniuliza kama tuandike, nikakataa. Nimeapa yangu. Yako sikuigusa, imekaa pale pale ulipoiacha.

Umeniuliza kama nataka ukivunje nilichokujengea. Macho yangu yaliuma, ndiyo. Sikuyaumiza ili uwe meya. Nilitaka uwe mtu ambaye akisimama mahali, wenziwe wanaweza kusimama nyuma yake. Kama umeya umekuja na hilo, vizuri. Kama umekuja badala yake, basi mimi nilishona bure, na nitalia, na nitaendelea kushona.

Bado ni dada yako. Hilo halina kikao.

Mwanaharusi


Dunmore Falls
20 Oktoba 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo na ile niliyokunyima.

Sumaiya mzima, meno yameanza kuota. Kelly mzima, ingawa wiki hii tunazungumza kuhusu nyanya tu. Majani yameanguka yote. Sijui kama kuna habari nyingine ya nyumbani, nimezisahau.

Nikuambie jambo ambalo ningeweza kuficha na usingejua kamwe. Barua yako ilinifikia siku nne kabla ya kesi. Niliisoma nikiwa nimesimama ofisini. Nilipofika kwenye kiapo, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Nilijua sheria, Dada. Kiapo cha mtu aliye mbali, asiyeweza kusimama mahakamani akaulizwa maswali, hakimu hakipokei. Karatasi yako ingewekwa kando kabla haijasomwa. Nilijua kwamba niko salama, nikaketi, nikapumua.

Halafu nikarudi kwenye ukurasa wa askari anayekunywa chai. Ulikuwa umesimama pale na risiti kifuani, kwa ajili ya karatasi ambayo mimi nilijua itatupwa. Askari asiyenijua aliuliza swali ambalo mke wangu hajathubutu kuniuliza. Nawe ukanifichia aibu, ukamwambia nina kazi nyingi. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia kwa sauti, mapokezi wakasikia, sijali.

Kesho yake nilimpigia wakili wa Pandu, nikamwomba aniite niwe shahidi. Akaniuliza kama naelewa ninachoomba. Nikamwambia nilikuwa wakili kabla yeye hajamaliza shule.

Siku ya kesi ilikwenda kama nilivyojua. Kiapo chako hakikupokelewa. Uzi ulianguka kwenye bahasha, karani akaufagia mezani kwa kiganja, nikauona ukienda sakafuni. Mwendesha mashtaka akasema kofia ingeweza kutoka kwa yeyote, kwenda kwa yeyote. Hapo nikaitwa. Pandu alikuwa amevaa shati lile jeupe. Hakunitazama.

Wakili aliniuliza kama naitambua kofia. Nikasema naitambua, imeshonwa na dada yangu aliyenilea, Johannesburg, nyota hizo ni za mama yetu. Akaniuliza mbona nililiambia baraza vingine. Nikasema, "Nilidanganya. Niliogopa kupoteza kazi, nikamkana dada yangu na mgeni wake."

Hakimu akaagiza nipewe, niipime kichwani. Walikata mfuko wa plastiki kwa mkasi. Niliivaa mbele ya watu wote, mchana, kama ulivyotaka tangu mwanzo. Ilikaa, Dada. Haikubana, haikulegea, ilikaa kama mkono wako ulivyokuwa ukikaa kichwani kwangu nikiwa na homa. Hakimu akaandika kitu, na kabla ya saa sita kesi ya Pandu ilikuwa imefutwa.

Yangu ndiyo imeanza. Haskell ameitisha kikao, na sikumlaumu, mimi ningefanya vile vile. Chama cha mawakili kimeniandikia. Jina langu limeshachapwa kwenye karatasi za kura haliondoki, lakini nimetangaza kwamba sigombei. Ile familia ya wapangaji nimeikabidhi kwa wakili wa Pandu, amekubali. Maombi yako ya kuja huku nimeyaacha yaendelee, lakini sasa ni yako, uyatake au usiyatake, hayana sharti lolote. Sijui nitakuwa nani mwezi wa Desemba. Naogopa. Nalala vizuri na naogopa, sikujua vinaweza kukaa pamoja.

Jumapili nilikwenda kwa Pandu, nikapiga hodi, nikamwomba aje tule. Alikuja. Alikula bila kuzungumza nami, alizungumza na Sumaiya, akamfundisha kuhesabu mpaka kumi kwa Kiswahili, jambo ambalo mimi baba yake sikuwahi. Sikumwomba anisamehe, bado si wakati wake. Ila mwambie Bi Tabia mwanawe amekaa mezani kwangu na hakuondoka na njaa, ingawa alisema chapati za Kelly zingefaa kuzibia mashimo ya barabarani.

Kofia yangu imebaki mahakamani, ni kielelezo cha kesi yangu sasa, sijui lini watanirudishia. Usinishonee nyingine. Uzi uliomo ndani ya bahasha hii si wangu. Ni wa kichwa cha Pandu. Alisimama akaniacha nimpime, nami nikaogopa kukosea, kwa hiyo nimeupima mara mbili.

Mdogo wako,
Fahad